Mgodi wa risasi wa Mpanda: babu alifanya kazi huko, ni nini kilichobaki hadi leo?

BintiMikindani

Salamu kwenu nyote, na kwa wazee wangu waliomo humu, shikamooni. Naomba kuelimishwa kuhusu mgodi wa zamani wa madini ya risasi uliokuwa Mpanda, mji ambao leo ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Mimi ni mwenyeji wa Mikindani, na hadi hivi karibuni sikuwahi kufikiri kwamba familia yetu ina jambo lolote na mji ule ulio upande wa pili kabisa wa nchi.

Babu yangu mzaa mama alifariki mwaka jana. Baada ya arobaini bibi alituruhusu tufungue sanduku lake la bati, na chini kabisa, chini ya kanzu zake na stakabadhi za kodi, tulikuta jiwe lililofungwa katika kipande cha kaniki. Ukubwa wake ni wa chungwa, lakini kila anayelinyanyua kwa mara ya kwanza mkono wake hushuka, kwa kuwa uzito haulingani kabisa na umbo. Upande mmoja ni mweupe wenye madoa ya njano kama kutu. Upande wa pili unametameta kijivu kama bati jipya, na ukiutazama kwa karibu unaona vipande vidogo vyenye pembe zilizonyooka, vimepangana kama ngazi, utadhani kuna mtu aliyekaa akavichonga. Bibi alipoliona alisema, "Hilo ni jiwe la Mpanda," kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

Kwa masimulizi ya bibi na mjomba, babu alianza kazi akiwa kijana miongoni mwa vibarua waliotandika reli ya Kusini, ile iliyotoka Mtwara kwenda Nachingwea. Kazi ile ilipokwisha alisafiri na wenzake wawili kwenda bara, akafanya kazi katika mgodi wa Mpanda, na akarudi nyumbani mgodi ulipofungwa, muda mfupi kabla ya Uhuru. Zaidi ya hapo hakuna anayejua. Babu hakuwa mtu wa kusimulia, nasi tulikuwa wavivu wa kuuliza, jambo ambalo sasa linaniuma.

Ninachoomba kujua ni haya. Mgodi ule ulikuwa wa namna gani, na ilikuwaje watu wa Kusini wakafika mbali kiasi kile? Kwa nini ulifungwa? Mtu akisafiri leo hadi Mpanda, ataona nini kitakachomwonyesha kwamba palikuwa na mgodi? Mjomba wangu anaamini ulikuwa mgodi wa kutengenezea risasi za bunduki wakati wa vita vya Hitler. Tena yeye ni mvuvi, na tangu aliposikia kwamba ndani ya jiwe mna risasi anasema liyeyushwe, apate chubwi za jarife lake, yaani vizito vya wavu. Nimemzuia kwa sasa, lakini sina hoja ya kumpa zaidi ya kwamba ni kumbukumbu ya babu.

MwalimuMstaafu

Marahaba, binti yangu, na poleni kwa msiba. Mimi niko Lindi, nilifundisha historia kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa Nachingwea. Nitajibu yale ya historia. Mambo ya jiwe lenyewe nitawaachia wanaoyashika kwa mikono yao.

Tuanze na neno, maana ndilo lililompoteza mjomba wako. Kiswahili kina neno moja tu, risasi, kwa kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki na kwa metali ambayo tangu zamani hutumika kukitengeneza. Lakini mgodi wa Mpanda ulishika kasi baada ya vita, si wakati wa vita. Katika miaka ya 1950 dunia ilikuwa na njaa ya risasi kwa mambo ya amani: betri za magari, maganda ya nyaya za simu na za umeme zinazofukiwa ardhini, mabomba ya maji, rangi za nyumba, na ile dawa iliyochanganywa katika petroli ili injini isigonge. Mengi kati ya hayo yameachwa baadaye kwa sababu ya sumu, isipokuwa betri, ambazo bado zinakula risasi nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Kampuni iliyoendesha kazi iliitwa Uruwira Minerals, na mgodi wenyewe ulijulikana kwa jina la Mukwamba. Mwamba wake haukuwa na risasi peke yake. Ulikuwa pia na shaba, fedha na dhahabu, na jambo hili lina uzito wake, kwa sababu risasi ni metali ya bei ndogo, na hakuna mtu anayechimba kitu cha bei ndogo zaidi ya kilomita 1,100 kutoka bandarini kama hakina cha thamani kinachoandamana nacho.

Umbali huo ndio uliozaa reli. Tawi la reli lilijengwa kutoka Kaliua, ambayo iko katika Reli ya Kati magharibi ya Tabora, likakata msitu wa miombo hadi Mpanda, urefu wa kilomita zipatazo 210, na likafunguliwa mwaka 1950. Katika migodi ya aina hii hayapakiwi mawe kama yalivyotoka shimoni, kwa sababu sehemu kubwa ya mwamba ni mawe matupu. Mwamba hupondwa, husagwa hadi uwe unga, kisha hutiwa katika matangi ya maji yenye dawa na kuvurugwa kwa upepo mpaka yatoke mapovu. Chembe za madini hushikana na mapovu na kuelea, na mchanga usio na kitu hutuama. Mapovu yakienguliwa na kukaushwa hubaki unga mzito wa kijivu, na huo ndio unaofaa kusafirishwa na kuyeyushwa mbali. Ule mchanga uliotuama hubaki palepale mgodini, na hapo baadaye ndipo huanza habari nyingine.

Sasa tazama yaliyokuwa yakitendeka huku kwetu katika miaka hiyohiyo. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeanzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa reli, kwanza kutoka Mkwaya karibu na Lindi, kisha kutoka Mtwara, pamoja na bandari ya kina kirefu ambayo ilianza kazi mwaka 1954. Mradi wenyewe ulikwisha kutangazwa kuwa umeshindwa tangu Januari 1951, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36, kwa hiyo Mtwara ilipata bandari mpya na reli mpya wakati karanga zenyewe hazipo. Kijana kama babu yako, aliyejua kuinua mataruma na kugongomea misumari ya reli, alibaki na ujuzi usio na kazi. Vijana wa Kusini walikuwa wamekwisha kuzoea kusafiri kwa ajili ya mshahara, wengi wao wakiwa manamba katika mashamba ya mkonge. Aliyechagua mgodi wenye reli badala ya mkonge hakufanya jambo la ajabu. Naona hata alichagua kwa akili.

Kuhusu kufungwa, mambo mawili yalikutana. Bei ya risasi duniani ilianguka mwaka 1957 na 1958, hata Marekani ikaweka kikomo cha risasi iliyoruhusiwa kuingia nchini mwake kuanzia Oktoba 1958. Na huko Mpanda yale madini yaliyokuwa yakijulikana yalikuwa yanakwisha. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Hivyo bibi yako amesema kweli: babu alirudi kabla ya Uhuru.

Nikuongezee jambo moja ambalo huwa linanisumbua. Reli yetu ya Kusini ilifungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa vyote. Wanafunzi wangu wa Nachingwea walikuwa wakija shuleni kwa kupita juu ya tuta lake, wakidhani ni barabara ya zamani, na ilinibidi niwaonyeshe mtaro wa zege chini ya tuta ndipo waamini kwamba gari moshi lilipita pale. Reli ya Mpanda, iliyojengwa kwa ajili ya mgodi uliokufa baada ya miaka kumi tu, haikung'olewa. Ipo, na watu wanaipanda hadi leo. Babu yako alifanya kazi katika reli mbili za umri mmoja, na iliyobaki ni ile ya mbali.

MchimbajiRuangwa

Dada yetu wa Mikindani, pole kwa kufiwa na babu. Mimi nimefanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya Namungo na sehemu nyingine kwa miaka kumi na mitano, na mara kadhaa nimeletewa mawe yanayometameta ili niyatambue. Kabla hujasafiri au hujagombana na mjomba, hakikisha kwanza kwamba jiwe ni lile unalolidhania.

Nasema hivi kwa sababu huku kwetu Ruangwa na Nachingwea kuna kinywe, yaani grafiti, kwa wingi, na watu wengi hukichanganya na risasi: vyote ni vya kijivu, vyote vinang'aa, vyote ni laini, vyote huacha alama ya giza kwenye karatasi. Tofauti iko mkononi. Kinywe ni chepesi, uzito wake ni kama mara mbili na kidogo ya maji ya ujazo uleule. Jiwe la risasi, ambalo wataalamu huliita galena, lina uzito wa takriban mara saba na nusu ya maji. Halafu kinywe kina utelezi wa sabuni na hupakaa vidole vyote, wakati galena hukatika kwa pembe za mraba. Zile ngazi ndogo ulizozieleza ndizo tabia yake: hata ukipata chembe ya ukubwa wa punje ya mchele bado ina pembe zilizonyooka. Usilipige nyundo kulijaribu, vumbi lake si zuri, na jiwe la babu halina mbadala.

Fanya hivi. Lipime kwenye mizani ya duka. Kisha chukua chombo, ukijaze maji mpaka ukingoni, ukiweke ndani ya beseni kavu, uzamishe jiwe kwa uzi taratibu, na upime maji yaliyomwagika kwa kikombe cha kupimia chenye alama za mililita. Gawanya gramu za jiwe kwa mililita za maji. Ukipata kati ya sita na saba na nusu, hapo hakuna ubishi, maana ule upande mweupe ni mawe ya kawaida nao utapunguza hesabu kidogo.

Kuhusu kwenda kuona mgodi wa zamani, nina neno moja ambalo nalisema kwa mkazo, kwa kuwa nimewahi kumtoa mwenzangu shimoni akiwa hana fahamu. Duara, yaani shimo la mgodi, lililoachwa miaka 60 si duara tena, ni mtego. Matimba yaliyoshikilia kuta yameoza, na ukingo unaoonekana kuwa majani na udongo imara unaweza kuwa umetoboka chini. Hewa ya ndani nayo haionekani kuwa mbaya: miamba yenye salfa hula oksijeni polepole, mtu huingia akitembea na kulala palepale bila kuhisi chochote. Anayekualika akuonyeshe ndani ya shimo la zamani, hata kwa hatua tano, mwambie hapana. Simama mbali, piga picha.

Mambo ya kuangalia ukiwa nje ni mengi na hayana hatari. Tafuta misingi ya zege yenye vyuma vya kufungia mashine, huwa imekaa kwa ngazi kwenye mteremko, kwa sababu vinu vya zamani vilijengwa ili mwamba ushuke wenyewe kutoka hatua moja hadi nyingine. Tafuta pia ule mchanga ambao mwalimu ameutaja. Sisi tunauita marudio. Utautambua kwa kuwa ni laini kama unga wa dona, una rangi ya kijivu au ya njano, hauna mawe, na majani yanaukataa au yanaota kwa madoamadoa. Mvua ikinyesha hutoka humo maji yenye rangi ya chai. Usiyaguse. Watu wa dhahabu hupenda sana marudio ya zamani, maana vinu vya wakati ule viliacha dhahabu ambayo leo inapatikana, na Mpanda kuna wachimbaji wadogo wengi. Lakini marudio yenye risasi si ya kuchezea, na hapo ningependa mtu wa afya au wa kemia aingie.

BintiMikindani

Nawashukuru sana. Mwalimu, nilimsomea bibi maneno yako yote, na ulipofika mahali pa mataruma akacheka, akasema babu alikuwa na kovu begani alilolipata kwa kubeba mataruma, na kwamba alikuwa akilionea fahari.

Kaka wa Ruangwa, nimefanya kama ulivyoelekeza. Muuza duka alinikubalia mizani yake: jiwe lina gramu 1,480. Maji yaliyomwagika, niliyoyapima kwa kikombe cha dawa mara tatu ili nisikosee, yalikuwa mililita 210. Nimepata saba na kidogo, ingawa kila mara tone au mawili yalibaki kwenye beseni. Mjomba alisimama hapo muda wote, akatazama hesabu, akasema, "Basi ni risasi kweli," na nikaona kwamba badala ya kumzuia nimempa ari. Anasema jiko la mkaa na pepeo vitatosha, kama wanavyoyeyusha vyuma vya ndani ya betri za gari kule pwani. Naomba anayejua anijibu kabla ya Jumamosi.

MkemiaShangani

Dada, nakujibu mapema kwa sababu umetaja Jumamosi. Mimi ni mkemia, naishi Shangani hapa Mtwara, na ninaomba umsomee mjomba maneno haya neno kwa neno, kwa heshima zote anazostahili.

Kwanza, hatapata chubwi. Metali ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, ndiyo maana ile ya betri huyeyuka kwenye sufuria juu ya mkaa. Lakini galena si metali. Ni risasi iliyofungamana na salfa, na moto wa mkaa wa nyumbani hauitoi risasi humo kwa kuiyeyusha tu. Inabidi kwanza ichomwe ili salfa itoke, na inapotoka inakuwa gesi kali inayokaba koo na kuwasha macho, huku risasi ikigeuka kuwa oksidi ambayo nayo inahitaji hatua nyingine. Katika kazi hiyo yote moshi unabeba chembe za risasi zisizoonekana, zinatua juu ya mchanga wa uani, juu ya nguo zilizoanikwa, na juu ya samaki wanaokaushwa. Atakachobaki nacho ni bonge la majivu na uwanja uliotiwa sumu.

Pili, na hili ndilo ninalotaka lieleweke hata kwa wasio na jiwe la Mpanda: hiyo ya kuyeyusha vyuma vya betri nayo ni hatari, hata kama tumeizoea. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi anayomeza kuliko mtu mzima, mara nne hadi tano, na yeye ndiye anayetambaa pale pale mchangani na kutia vidole mdomoni. Risasi huharibu ubongo unaokua, na ikishaingia kwenye mifupa hukaa humo miaka mingi. Haitoi dalili ya haraka. Mtoto anakuwa mzito wa kuelewa, anasumbuliwa na tumbo, anapungukiwa damu, na wazazi wanatafuta sababu kwingine.

Mchimbaji ameomba neno kuhusu marudio. Mwaka 2010 huko Zamfara, kaskazini ya Nigeria, wachimbaji wadogo wa dhahabu walikuwa wakisagia nyumbani mawe yaliyokuwa na risasi nyingi. Wao walitafuta dhahabu tu. Vumbi lililobaki hawakulijali. Watoto zaidi ya 400 walifariki. Jirani zetu wa Zambia wana Kabwe, mji uliozaliwa na mgodi wa risasi na zinki ulioanza kazi mwanzoni mwa karne ya 20 na kufungwa mwaka 1994. Mgodi umefungwa, lakini marundo ya mabaki yake yamekaa karibu na makazi, upepo unayapeperusha, na watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya kufungwa wamekutwa na risasi nyingi katika damu. Sisemi kwamba Mpanda ni Kabwe. Kabwe ilifanya kazi karibu miaka 90 na ilikuwa na tanuru za kuyeyushia palepale mjini, na Mpanda ilikuwa mgodi wa muda mfupi. Nasema tu kwamba karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, likiwekwa juu ya marudio ya zamani ya risasi, mabaya yaliyokuwa yamelala huamshwa.

Jiwe lenu zima, lililotulia, si la kuogopa. Risasi iliyofungwa katika galena haiyeyuki kirahisi, hivyo kulishika mara moja moja hakudhuru, ila nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Ile sehemu yenye utando wa njano na nyeupe ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa kuwa utando unaofanyika jiwe likipigwa na hewa na maji kwa miaka mingi huingia mwilini kwa urahisi kuliko galena yenyewe. Liweke katika chupa ya kioo yenye kifuniko, mahali ambapo mtoto hafiki, na ile kaniki ifungwe kwenye mfuko itupwe, isifuliwe pamoja na nguo nyingine.

MsafiriWaMasasi

Naongeza kidogo, kwa kuwa wengine wamekwisha kusema makubwa. Nilikuwa mtumishi wa umma Mpanda kwa miaka sita kabla ya kurudi nyumbani Masasi, na swali la dada kuhusu kile kitakachoonekana ndilo lililonifanya niandike.

Kama nia ni kufuata nyayo za babu, usiende kwa basi la kupitia Songea na Mbeya hadi Sumbawanga, ingawa ndiyo njia fupi kwa mtu wa Mtwara. Nenda Dar es Salaam, panda treni ya Reli ya Kati hadi Tabora, halafu ile ya Mpanda. Baada ya Kaliua treni inaacha njia ya Kigoma na kuingia katika tawi. Kuanzia hapo ni miombo, saa baada ya saa, na vituo vidogo ambako akina mama huja na asali kwenye chupa, kuku na mihogo ya kuchemsha. Mtavuka Mto Ugalla. Karibu na mwisho mtapita Katumba, ambako tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikaa wakimbizi wa Burundi, wengi wao sasa wakiwa raia wenzetu. Reli inaishia Mpanda, haiendi kokote zaidi, na hilo peke yake linakuambia ilijengwa kwa ajili ya nini. Mara ya kwanza niliposhuka pale sikujua lolote kuhusu mgodi. Nilijiuliza tu ni nani aliyeamua kuleta reli hadi mahali hapa, ikaishia porini.

Kwa hiyo ukitaka kuona mabaki makubwa kuliko yote ya mgodi, utakuwa umekwisha kuyakalia tangu Kaliua. Mji wenyewe ni mabaki mengine. Pasingekuwa na mgodi, reli isingefika, na pasipo reli sidhani kama makao makuu ya wilaya, halafu ya mkoa tangu 2012, yangewekwa pale. Mahindi na mchele wa Katavi vilikuwa vikitoka kwa mabehewa yaleyale yaliyokusudiwa kubeba risasi, hasa masika, wakati barabara zilikuwa tope tupu.

Kwenye eneo la mgodi usiende peke yako. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa, ujitambulishe na kueleza kwamba ni mjukuu wa mfanyakazi wa zamani, maana maeneo mengi ya kule yana leseni za watu, na mgeni anayezungukazunguka akiokota mawe huonekana mwizi. Ukieleza habari ya babu, utapewa mtu wa kukuongoza. Watu wa Mpanda ni wepesi wa kumpokea mgeni. Jiwe usilibebe, liache nyumbani. Picha yake itatosha.

BintiMikindani

Jumamosi imepita na jiwe halijaguswa. Mjomba alisikiliza yote mpaka mwisho, hakusema kitu, lakini jioni nilimwona akihamisha kopo lake la kuyeyushia kutoka uani, na mke wake akafagia pale na kumwaga maji. Jiwe liko ndani ya chupa kubwa ya asali, juu ya kabati la bibi.

Ndugu wa Masasi, nilipomtajia bibi jina la Kaliua alinishika mkono. Anasema babu alikuwa akilitaja jina hilo kila alipongojeshwa mahali, hata kwenye foleni ya zahanati: "Hapa ni Kaliua." Sisi watoto tulidhani ni msemo wa watu wa zamani, tukautumia bila kujua maana yake. Kumbe mara ya kwanza alipokwenda, yeye na wenzake walilala pale stesheni siku mbili wakingoja behewa la kwenda Mpanda, na mmoja wao akaishiwa na pesa ya chakula, wakagawana muhogo mmoja watu watatu. Nimemuuliza bibi majina ya hao wenzake. Mmoja amemkumbuka, alikuwa mtu wa Mnazi Mmoja, na kesho asubuhi nakwenda kuulizia ukoo wake.